Jina Jipya na Deni la Kale

Jina nililolitia juu ya karatasi za mikopo katika muda wote wa utumishi wangu halikuwa jina la ukoo wetu. Lilikuwa ni lakabu ambayo babu yangu, mzaa baba, aliipata ugenini akarudi nayo Songea. Katika zama za Waingereza wilaya yetu haikuwa na reli, na vijana waliohitaji fedha ya kodi waliondoka makundi kwa makundi kwenda kukata mkonge Tanga na Korogwe. Na tangu mwaka 1944, wenye mashamba walipokwisha kuunda chama chao cha kuandika vibarua, kilichojulikana kwa kifupi kuwa SILABU, safari hizo zilipata malori, kambi na orodha. Aliyeandikwa alipewa namba, na kwa namba hiyo aliitwa asubuhi, akapimiwa posho, akatiwa alama za siku zake katika kipande, ambacho hakikuhesabiwa kuwa kimekwisha mpaka zitimie siku 30 za kazi iliyomalizika. Watu hao wakaitwa manamba. Babu aliporudi kijijini, wenzi wa rika lake walimwita Manamba kwa utani, watoto wao wakamwita hivyo kwa heshima, na mwalimu wa shule ya misheni, alipomwandikisha baba yangu na kuuliza jina la mzazi, akajibiwa hilo, naye akaliandika kwa wino.

Nimelitanguliza jambo hili kwa kuwa watu wengi, wasikiapo kwamba fulani amekwenda kwa wakili kubadili jina, humdhania kuwa ana la kuficha. Wapo wenye la kuficha, na nitamtaja mmoja wao mbele. Walakini katika watu niliowajua aghalabu yao walibadili jina kwa ajili ya kutoka katika kosa la karani fulani wa zamani, au katika ndoa iliyovunjika, au katika dharura ya ujana. Hapa Ruvuma sababu zimekuwa nyingi kuliko mahali pengine. Wangoni walipofika kutoka kusini katika karne ya 19, watu waliowashinda na kuwaingiza katika jamii yao walichukua majina ya koo za washindi. Kisha wakaja mapadre Wabenediktini, walioanzisha misheni ya Peramiho mwaka 1898, wakatupa majina ya watakatifu ambayo ndimi zetu ziliyatamka kwa namna moja, na makarani wakayaandika kwa namna tatu au nne: Skolastika wa cheti cha ubatizo akawa Scholastica wa cheti cha shule, na Scolastica wa kadi ya kliniki. Maadamu watu walijuana kwa sura, tofauti hizo hazikumdhuru mtu. Madhara yalianza pale fedha ilipoanza kukopeshwa na watu wasiotujua.

Mimi nilizaliwa, nikabatizwa, nikasoma na kuajiriwa kwa jina la Manamba. Niliingia ukarani katika ushirika wa tumbaku, ambao asili yake ni Chama Kikuu cha Ngoni-Matengo kilichoundwa mwaka 1936, na nilikuwa humo mpaka vyama vikuu vilipovunjwa na serikali mwaka 1976. Kazi yangu ilikuwa daftari la pembejeo. Mkulima alichukua mbolea na vifaa kwa deni mwanzo wa msimu, na deni likakatwa katika malipo ya tumbaku yake. Kwa kuwa katika kijiji kimoja waliweza kuwapo akina Ngonyani watano wenye jina moja la ubatizo, tuliongeza maneno pembeni ya jina: huyu wa mtoni, huyu mkwe wa fundi cherehani, huyu mwenye kilema cha mguu wa kushoto. Daftari hilo, ambalo mkaguzi wa leo angelicheka, lilikuwa na ithibati kuliko mashine nyingi nilizoziona baadaye, kwa maana aliyeandika na aliyeandikwa walikutana kanisani, sokoni na msibani, na mkopaji mwaminifu alijulikana uaminifu wake hata angeitwa kwa majina matatu.

Nje ya ushirika, mkopo kwa Mwafrika ulikuwa ni jambo la fadhila. Waingereza waliweka sheria iliyomzuia mfanyabiashara asiye Mwafrika kudai mahakamani deni alilomkopesha Mwafrika, isipokuwa mkopo wenyewe uwe umepata idhini ya serikali kwa maandishi. Waliotunga sheria hiyo waliiita himaya ya mnyonge; natija yake ilikuwa kwamba mnyonge hakukopeshwa, au alikopeshwa kidogo kidogo, chumvi na kitambaa, kwa kutazamwa uso. Mzee mmoja kutoka Kilwa, aliyekuwa na duka Mfaranyaki nilipokuwa kijana, alikuwa na mazoea ya kuniambia kwamba aya iliyo ndefu kupita zote katika Kurani ni ile inayoamrisha deni liandikwe na mwandishi muadilifu mbele ya mashahidi. Nami, ijapokuwa ni Mkristo, niliyaweka maneno yake moyoni, kwani hayakushughulika na uzuri wa mtu bali na karatasi na ushahidi.

Baada ya ushirika nilifanya kazi nyingine ambazo hazina haja ya kusimuliwa hapa, na kwa miaka mingi, pamoja na baada ya kustaafu, nilikuwa mweka hazina wa chama cha akiba na mikopo ambacho wanachama wake wengi walikuwa walimu. Hapo ndipo nilipoona jinsi majina yanavyoweza kuwa mzigo. Wenye umri wangu wanakumbuka kwamba katika miaka ya 1970 na 1980 mtoto aliyeshindwa mtihani wa darasa la saba hakuruhusiwa kurudia, na wazazi wenye bidii waliwahamishia watoto wao shule ya mbali, wakaandikishwa upya kwa jina la mwenzao aliyeacha masomo. Mtoto alifaulu, akaenda sekondari na chuoni, akaajiriwa, akaoa, akakopa na kulipa, yote kwa jina la mtu mwingine. Nyumbani mama yake akimwita kwa jina lake, kazini mkuu wake akimwita kwa lile la kusomea. Tarehe 28 Aprili 2017, Rais Magufuli alipopokea mjini Dodoma ripoti ya uhakiki iliyotaja watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi, hofu iliwaingia pia watu ambao vyeti vyao vilikuwa vya halali kwa kila kitu isipokuwa jina. Kwetu sisi wa chama hofu hiyo ilikuwa na sura ya pili. Mshahara wa mwanachama ulipofutwa, makato ya mkopo wake yalifutika pamoja nao, na deni likawageukia wadhamini, ambao ni walimu wenzake waliotia sahihi kwa jina ambalo sasa lilisemekana kuwa si lake. Mmoja wao aliniuliza kama dhamana aliyompa mtu kwa jina lisilo lake inamfunga. Nilimjibu kwamba alimdhamini mtu aliyeketi mbele yake, na mtu huyo bado yupo, anakunywa chai nyumbani kwake Bombambili.

Jibu hilo hilo nilimpa kijana mwingine, ambaye ndiye niliyeahidi kumtaja, aliyenijia faraghani na kuniuliza iwapo akibadili jina kisheria deni lake litabaki na jina la zamani. Mkataba humfunga mtu, wala si herufi alizoandikia. Sheria impayo mtu khiyari ya kujiita atakavyo haikumpa khiyari ya kuwaacha wamdaio. Nilimwonyesha pia kwamba alama za vidole vyake zilikwisha kuchukuliwa kwa ajili ya kitambulisho na laini ya simu, na kwamba popote atakapokwenda atakwenda na vidole hivyo. Aliondoka bila ya kuaga. Deni alilimaliza, kwa kusukumwa.

Ama yangu mimi yalianza baada ya kufariki baba. Wazee wa ukoo walipokaa kugawa mashamba, walisema kwa upole lakini bila ya kuficha kwamba haifai mtoto wa kwanza wa nyumba ya Ngonyani kurithi ardhi ya Ngonyani kwa jina la safari ya mkonge, kwani kizazi cha pili kitakuja kuuliza Manamba huyu alitoka wapi, na jirani mwenye tamaa atapata hoja. Niliona wana haki. Nikaenda kwa wakili.

Sheria yenyewe ni nyepesi, na wepesi huo ndio unaowahadaa watu. Wakili huandika hati ya kubadili jina. Mwenye hati hutangaza kwamba ameliacha jina la kwanza na kwamba tangu siku hiyo atatumia la pili katika mambo yake yote. Hutia sahihi mbele ya shahidi. Kisha hati hupelekwa kwa Msajili wa Hati ikaandikishwe kwa mujibu wa Sheria ya Usajili wa Nyaraka, na aghalabu hutangazwa katika Gazeti la Serikali. Nilikwenda na hati hiyo kwa Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, jina likarekebishwa, na namba yangu ya tarakimu 20, ambayo huanza na mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, ikabaki ile ile. Nilidhani, kama mtu yeyote mwenye akili angalidhani, kwamba serikali ikiisha kunijua kwa jina jipya basi kila mtu amenijua.

Baadaye nilitaka kununua mashine ya kukoboa na kusaga mahindi, biashara isiyolala katika mkoa huu wa wakulima wa mahindi, na kwa kuwa chama chetu hakikuwa na uwezo wa kiasi hicho nilikwenda benki. Afisa mikopo alikuwa binti mwenye adabu, umri wa wajukuu zangu. Aliniamkia, akaingiza jina langu, akaingiza tena, kisha akageuza kiti.

"Mzee, mfumo haukuoni. Unaonyesha hujawahi kukopa popote."

"Mwanangu, nimekopa na kulipa kabla mama yako hajazaliwa."

"Kuna mwingine hapa, jina la ubatizo na la ukoo kama yako, ana mkopo chechefu wa pikipiki. Si wewe?"

Hapo ndipo mambo mawili yalipokutana. Kwa jina la Manamba nilikuwa na mwenendo mwema wa maisha yote, nao ulikuwa umelala katika madaftari ya chama na katika akaunti ya zamani niliyofungua kwa kadi ya mpiga kura, wakati kitambulisho cha taifa hakijadaiwa na mabenki. Kwa jina la Ngonyani sikuwa na mwenendo wowote, na katika utupu huo mashine, kwa juhudi yake ya kutafuta anayefanana, ilinileta karibu na mtu nisiyemjua ambaye naye mkopo wake uliandikwa bila namba ya taifa. Ngonyani ni jina la maelfu hapa kwetu. Lau ningaliendelea kuwa Manamba, pengine ningalikuwa peke yangu katika mkoa mzima.

Yafaa nieleze kwa ufupi jinsi mtambo huu ulivyopangwa, maana wengi huuogopa bila ya kuujua. Kwa kanuni zilizotolewa mwaka 2012, Benki Kuu ya Tanzania ina kanzidata ambayo mabenki hupeleka humo habari za wakopaji wao, njema na mbaya; na kampuni zenye leseni, kama vile Creditinfo na Dun & Bradstreet, huzikusanya habari hizo na kuwauzia wakopeshaji taarifa ya kila mwombaji. Mkopaji ana haki ya kuiona taarifa yake na kupinga lililo kosa. Haki hiyo imeandikwa. Ila haina mguu, mwenyewe ndiye aipeleke. Madaftari ya vyama vidogo kama chetu hayakuwa na njia ya kufika huko, na ingawa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ilianza kuvitia vyama hivyo katika leseni na nidhamu, miaka yangu ya kulipa kwa wakati ilikwisha kupita ikiwa kwenye makaratasi yenye vumbi.

Hili ndilo nililolijua kwa kuishi nalo, na ndilo nililo nalo la kusema: mtu akibadili jina, deni lake humfuata lenyewe, kwa maana yuko anayelitafuta, lakini itibari yake haimfuati, kwa maana hakuna mwingine mwenye faida ya kuitafuta. Aliye na dai atauliza kwa jirani, kwa mwajiri na kwa mtendaji wa kata mpaka ampate aliyekuwa Manamba. Lakini hakuna karani duniani atakayeacha kazi zake aende kuulizia kama huyu Ngonyani mpya hakuwa kwa jina lingine mlipaji mzuri. Itibari yapasa ibebwe na mwenyewe, ofisi kwa ofisi, ikiwa na nakala iliyothibitishwa. Nilimwomba wakili hati ya kiapo kwamba Manamba na Ngonyani ni mtu mmoja. Chama kikanipa barua pamoja na nakala za kurasa za daftari langu. Ofisi ya ardhi ikarekebisha jina katika hati ya kiwanja changu cha Msamala, bila hivyo dhamana ingalikataliwa. Na taarifa ya mikopo ikapingwa kwa maandishi mpaka yule wa pikipiki akaondolewa mgongoni mwangu. Benki ikanikopesha, pungufu ya nilichoomba, na kwa masharti ya mkopaji mgeni.

Mimi nilikuwa na wakati, na nilikuwa najua lugha ya makaratasi. Ninaowahurumia ni wanawake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimlazimishi mke kuchukua jina la mumewe, lakini desturi, mapenzi na fomu za ofisi humwelekeza huko, naye hujenga itibari yake kwa jina hilo. Namkumbuka mwalimu mmoja, mwanachama wetu, ambaye ndoa yake ilipovunjika mahakamani alirudi kwa jina la baba yake kwa hati halali. Katika kipindi ambacho jina la mshahara lilikwisha kubadilika na jina la benki bado, hakuna aliyeweza kumkopesha: benki ilisema majina hayafanani, na kanuni za chama chetu, nilizokuwa nikizilinda mimi, zilitaka yafanane. Mtoto wake alikuwa anangojewa ada. Akaenda kwa wale wanaoitwa kausha damu, ambao hawaulizi cheti wala kiapo, kwa sababu wao huchukua kadi ya benki ya mwalimu pamoja na namba yake ya siri, na mwisho wa mwezi huutangulia mshahara mashineni kabla ya mwenyewe. Kwao jina si kitu kabisa. Alikaa katika mikono yao muda mrefu kuliko ndoa ilivyochukua kuvunjika, na chama kilipobadili kanuni zake ili kikubali hati ya kubadili jina pamoja na kiapo, kwa pendekezo nililolipeleka mkutanoni, yeye alikuwa amekwisha kuuza shamba.

Shida hii si ya kwetu pekee, lakini nchi hazilingani katika dawa yake. Huko Marekani kampuni kubwa tatu zinazoweka habari za wakopaji, Equifax, Experian na TransUnion, humtambua mtu pia kwa namba yake ya hifadhi ya jamii, na jina la zamani hubaki katika jalada lake likiwa jina alilowahi kulitumia, mradi wakopeshaji wake wapeleke jina jipya. Nako pia huwa kuna wanaochanganywa na wasiowajua, ila njia ya kuunganisha majina ipo tayari. Nchi jirani ya Kongo ilionja kinyume chake. Mwaka 1972 Rais Mobutu, aliyekuwa Joseph-Désiré, alilitupa jina lake la ubatizo na kuwaamuru raia wote wa Zaire, kama nchi hiyo ilivyoitwa wakati ule, wayatupe yao. Hivyo watu waliolala na jina moja wakaamka na jingine. Napenda kudhani kwamba makarani wa benki wa Lubumbashi na Bukavu hawakulala vizuri usiku ule, lakini angalau shida yao ilikuwa ya wote, na shida ya wote hupatiwa utaratibu. Shida ya mtu mmoja mmoja huitwa uzembe wake.

Basi wewe unayekusudia kubadili jina, usianze kwa wakili. Anza kwa kuomba taarifa yako ya mikopo kwa jina la sasa, uisome, uhifadhi nakala. Hakikisha kwamba kila akaunti na kila mkopo ulio nao umeandikiwa namba yako ya taifa. Omba barua ya mwenendo kutoka chama chako ungali mwanachama kwa jina la zamani, maana ukiisha kulibadili huwezi kuombea mtu asiyekuwapo. Ndipo uandike hati, nayo uitolee nakala nyingi zilizothibitishwa, na usifunge akaunti ya zamani mpaka mpya iwe imepokea habari zake. Kama una deni Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, wapelekee jina jipya wewe mwenyewe, kabla hawajakutafuta kwa la zamani.

Na ninyi wenye mabenki na vyama, nina ombi dogo lisilo na gharama kubwa. Fomu za mkopo nilizozijaza tangu nibadili jina ziliniuliza jina la mke, la mtendaji wa kata, la majirani wawili na la mrithi, wala hata moja haikuniuliza niliitwa nani zamani. Ongezeni mstari mmoja wa jina la awali, mwombaji aambatishe hati yake, na jina hilo lipelekwe Benki Kuu pamoja na jipya.